Mwamba Uliofungwa Miezi Mitatu na Kumalizwa kwa Bamvua Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Pweza

Kisa hiki kinahusu kijiji kimoja cha kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania, na jiko la hoteli moja ya mjini lililokuwa likinunua pweza wake. Majina yote yameondolewa, na baadhi ya mambo yaliyotukia katika zaidi ya kijiji kimoja yamekusanywa hapa ili pasitambulike mahali wala mtu. Tunakieleza kwa kirefu kwa sababu habari za kufunga miamba, yaani kuzuia uvuvi hapo kwa miezi michache ili pweza wakue, kwa kawaida huishia kwenye picha ya pweza mkubwa aliyeinuliwa juu siku ya kufungua. Kwa maoni yetu siku hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa kuliko miezi yote iliyoitangulia.

Kijiji, mwamba na tajiri

Mbele ya kijiji kuna mwamba mpana unaotoka majini wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika pwani hii maji hufika mwisho wa kukupwa karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi. Kwa siku chache hizo mtu anaweza kutembea hadi ukingo wa nje. Wanaokwenda kwa miguu ni wanawake zaidi, na fimbo zao za kuchokolea na ndoo. Wanaume huzamia upande wa kina kwa miwani na chuma cha ncha, na hawaingoji bamvua. Hata maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, huyaingia.

Pweza wa hapa kwa jina la kisayansi anaitwa Octopus cyanea. Umri wake ni mwaka mmoja, au mwaka na nusu akibahatika, na katika muda huo mfupi huongezeka uzito kwa kasi ambayo samaki wachache wanaiweza. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia tunduni, huziba mlango kwa mawe, hutundika mayai darini kama vichane vya punje za mchele, kisha huyalinda na kuyapulizia maji kwa takriban mwezi mzima. Yakishaanguliwa, mama hufa. Vitoto huchukuliwa na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, huenda mwamba wa kijiji kingine kabisa.

Biashara ilikuwa mikononi mwa tajiri mmoja, mwenye mashua na masanduku ya barafu. Huyu aliwakopesha wazamiaji miwani, vyuma na fedha za kujikimu wakati wa kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, akazikata polepole kwenye mauzo. Tajiri aliwapeleka pweza hao kiwandani. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kiwanda kina mizani, kwa hiyo wadogo hawakupanda mashua. Hata hivyo hawakurudishwa baharini. Walinunuliwa na wachuuzi wakaishia mjini kwenye supu na mishikaki, ambako pweza akishakatwa vipande hakuna anayejua alikuwa na uzito gani. Kanuni inamhusu kila mtu, lakini mizani iko kiwandani peke yake.

Aliyeona tatizo kwanza alikuwa karani wa tajiri, aliyekuwa akiandika daftari kwa madaraja ya uzito. Ukurasa wa wakubwa ulikuwa unapungua mwezi baada ya mwezi huku wale wa nusu kilo hadi kilo wakijaa. Idadi ya pweza haikushuka sana, na ndiyo maana wavuvi wenyewe walikuwa bado hawajashtuka. Kikapu kilijaa vilevile, ila kwa vichwa vingi zaidi.

Uamuzi wa kufunga, na sababu zake

Njia iliyopendekezwa haikuwa ngeni. Vijiji vya Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, viliifunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004, na desturi hiyo baadaye ikaenea kisiwa cha Rodrigues, Kenya, visiwa vya Zanzibar na Tanzania Bara. Unafunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, pweza wanakua, kisha unafungua. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha kijiji, yaani BMU, kilikubali kujaribu miezi 3.

Kwa nini mitatu? Chini ya miezi miwili uzito unaoongezeka haulipi usumbufu wa kulinda. Ikizidi sana, pweza waliokuwa tayari wakubwa siku ya kufunga wanazaa na kufa kabla ya kuvuliwa, na watu wenye njaa huanza kuvizia. Miezi 3 inamtosha pweza wa nusu kilo kuvuka kilo moja, na wengi huvuka mbili.

Swali gumu lilikuwa ni sehemu ipi ifungwe. Mwanzoni baadhi ya wazamiaji walitaka mwamba wote ufungwe, jambo lililokataliwa upesi kwa kuwa hakuna nyumba ambayo ingekuwa na cha kula. Ikakubaliwa sehemu isiyozidi robo ya maeneo ya kijiji. Kamati ikachagua mwamba wa karibu na kijiji, ule unaoonekana kutoka barazani, kwa hoja kwamba mwamba usioonekana haulindiki.

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na bado uamuzi ulikuwa na kasoro kubwa. Mwamba wa karibu ndio pekee unaofikika kwa miguu. Waliofungiwa kazi ni wanawake. Wazamiaji waliendelea na mwamba wa nje kama kawaida. Mkutano ulifanyika asubuhi ya bamvua, saa ambayo kina mama wengi walikuwa pwani na ndoo zao, na katika kamati walikuwamo wawili tu. Hakuna aliyekusudia kuwatenga. Tarehe ilipangwa kwa kalenda ya ukutani bila kuangalia mwezi, basi.

Miezi mitatu ya ulinzi

Mipaka iliwekwa kwa madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi nyekundu, kamba ya nailoni, na nanga za ndoo iliyojazwa saruji na kipande cha nondo katikati. Ndani ya wiki mbili madumu kadhaa yalikuwa yamezama au kuhama. Kamba zilipimwa maji yakiwa yamekupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kukupwa katika pwani hii hupita mita 3, kwa hiyo maji yalipojaa, dumu ama lilivutwa chini ya maji ama liliinua nanga na kuiburuta. Kamba ya boya hupimwa kwa kina cha maji yaliyojaa, kisha huongezwa karibu nusu yake kwa ajili ya mawimbi ya kusi. Walipobadilisha kamba, maboya yalitulia. Waliongeza pia alama za nchi kavu: ukiona mnazi ule umelingana na paa la msikiti, uko mpakani. Alama hizo zilisaidia kuliko maboya, maana haziibwi.

Ulinzi ulikuwa wa zamu, watu sita kila usiku wa bamvua na wawili siku nyingine. Pweza huyu huwinda mchana, lakini usiku maji yakikupwa huokotwa kwa tochi akiwa tunduni, na hapo ndipo wizi ulipoanza. Katika wiki ya saba walikamatwa vijana wanne wa kijiji jirani wakiwa na pweza kwenye kiroba. Walipelekwa kwa mtendaji, na hapo kijiji kikagundua hakina cha kuwashtaki nacho. Sheria ndogo ilikuwa imepitishwa na mkutano mkuu wa kijiji lakini ilikuwa bado haijaidhinishwa na halmashauri. Kufunga kulianza kwa haraka ya kuwahi msimu, ikasemwa karatasi zitafuata nyuma. Vijana waliachiwa, na habari ikafika kijijini kwao kabla yao.

Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba hao vijana hawakujiona wezi. Babu zao walichokoa mwamba huo huo, na hakuna aliyewahi kuwaita kwenye kikao.

Siku ya kufungua

Mwamba ulifunguliwa siku ya pili ya bamvua kubwa. Mgeni rasmi alialikwa, na muda wa kuanza ukatangazwa kuwa saa 3 asubuhi. Alfajiri ya saa 12 tayari mashua na ngalawa zilikuwa zimetanda ukingoni, nyingine kutoka vijiji vitatu vya jirani. Mzamiaji wa kwanza alipojitupa majini hakuna aliyesubiri tena hotuba.

Hapo ndipo kasoro ya kuchagua mwamba wa karibu ilipojilipiza. Saa 12 maji bado ni mengi. Mwenye miwani anaingia, anayetembea hawezi. Wanawake waliposhuka saa 3 na ushei, wengi walikuta matundu yamekwisha kuchokolewa. Waliokuwa wamebeba gharama ya kufunga kwa miezi 3 wakarudi na pweza mmoja mmoja, wengine bila kitu. Mwambani palionekana marijani yaliyovunjwa kwa vyuma, kwa sababu mtu anayeshindana na mwenzake hana subira ya kumtoa pweza polepole, anavunja mlango.

Diko, yaani mahali pa kupokelea na kuuzia mavuno, nalo lilielemewa. Pweza walikuwa wakubwa kweli, wengi wa kilo 2 na zaidi, lakini tajiri alikuja na barafu ya siku ya kawaida. Kipimo salama ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya pweza katika joto letu, na barafu iliisha kabla ya saa 6 mchana. Bei ikaanza kushuka, kwa kuwa mnunuzi ni mmoja na kila mtu anajua pweza aliyelala juani hana kesho. Waliouza mwisho walipata chini ya theluthi mbili ya bei ya asubuhi. Wapo waliowaloweka pweza katika maji baridi ya kisima ili wapate uzito. Nyama ya pweza hunywa maji yasiyo na chumvi, hivyo mizani ilidanganyika kwa muda, lakini kiwandani masanduku hayo yalikataliwa: nyama imevimba, imelegea, ngozi inachubuka kwa kidole.

Bamvua hiyo ilipokwisha, daftari la karani lilionyesha kwamba mwamba ulikuwa umerudi kwenye pweza wa nusu kilo.

Jikoni mjini

Hoteli iliyokuwa ikinunua kwa tajiri ilikuwa imewatangazia wageni wake kwamba pweza wake ni wa mwamba uliopumzishwa. Sanduku lilipofunguliwa, mpishi mkuu alikuta wakubwa wamechanganywa na wa gramu 400, majike wawili wenye mayai kichwani, na kadhaa waliovimba maji. Alichofanya kilikuwa na manufaa kuliko kurudisha mzigo na kunyamaza: alimpigia simu karani, wakakubaliana masharti mapya, akayaandika.

Sharti la kwanza ni kwamba pweza aje mzima, hata akiwa ametolewa matumbo. Vipande havina uzito wa kupimika wala kichwa cha kukagua. La pili, kila mmoja apimwe, na wa chini ya kilo 1 asipokelewe. Hapa mpishi alikwenda mbele ya kanuni kwa makusudi. Gramu 500 ni kikomo cha sheria, ila majike wengi hupevuka wakiwa wazito kuliko hapo. Anayenunua wa gramu 550 yuko ndani ya sheria na bado anakula jike ambaye hajawahi kutaga. La tatu, jike mwenye mayai asinunuliwe. Humtambua kwa kichwa kilichojaa na kuwa kigumu, na ukikigeuza ndani unaona punje nyeupe. Aliyekuwa tayari amelalia mayai tunduni huwa amekonda, rangi imepauka.

Sharti la nne ndilo lililobadilisha mambo zaidi, nalo lilihusu friza. Jiko lilikuwa likidai pweza wa siku hiyo hiyo kila siku, na madai hayo yaliwalazimisha wazamiaji kuingia hata maji mafu, wakiokota chochote. Lakini pweza si kama changu. Kumgandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kunalainisha nyama yake, kazi ile ile inayofanywa kwa kumpiga jiweni. Mpishi akaanza kununua mzigo mkubwa wakati wa bamvua mara mbili kwa mwezi, anagandisha, anatumia taratibu. Akikokotoa oda, alikumbuka pia kwamba pweza hupoteza karibu nusu ya uzito wake akipikwa. Kilo 10 mbichi hazitoi sahani za kilo 10.

Na wakati mwamba wa kijiji hicho umefungwa? Hapo jiko liliondoa pweza kwenye orodha ya chakula badala ya kumtafuta kwingine bila kuuliza. Wiki za mwanzo wageni walilalamika. Wahudumu walipopewa maelezo mafupi ya kutoa, malalamiko yakapungua, na ngisi na dagaa wa kukaanga wakaziba pengo.

Mara ya pili

Kijiji kilifunga tena mwaka uliofuata, baada ya mvutano mkali. Wanawake walisema wazi kwamba hawatafungiwa tena mwamba wao ili wengine wavune. Mkutano ulipangwa maji mafu, wakaja, na masharti yao ndiyo yaliyopita: siku mbili za kwanza za kufungua ni za watu wa miguu peke yao, bila miwani wala chombo. Wazamiaji wanaanza siku ya tatu. Sehemu ya mwamba wa nje nayo ikafungwa, ili mzigo uwe wa wote.

Sheria ndogo ilipita mkutano mkuu, ikapitia kata, ikaidhinishwa na halmashauri kabla ya boya la kwanza kutupwa. Wazee wawili wa kijiji jirani waliingizwa kwenye kamati ya ulinzi, na watu wao wakapewa nafasi siku ya tatu. Wizi haukukoma kabisa, lakini sasa aliyekamatwa alikuwa na mzee wake wa kumkemea, na hilo lilifanya kazi kuliko faini.

Kwa tajiri, kamati iliweka miadi mapema: bei ya kilo iliandikwa wiki mbili kabla ya kufungua, mnunuzi wa pili akaalikwa, na kiasi cha barafu kikakadiriwa kwa mavuno ya mwaka uliopita. Pweza walifungwa kwenye karatasi la plastiki ili maji ya barafu inayoyeyuka yasiwaguse, na masanduku yakatobolewa chini yachuruzike. Mizani ya kijiji iliwekwa dikoni pembeni ya mizani ya tajiri. Siku ya kwanza ziliachana kwa gramu kadhaa. Siku ya pili zikalingana.

Safari hii wanawake walivuna, bei ilikaa hadi jioni, na hakuna sanduku lililorudishwa.

Tunavyokisoma kisa hiki

Mafanikio ya kibayolojia hayakuwa na shaka hata mara ya kwanza. Pweza alikua kama ilivyotarajiwa. Kilichoshindwa kilikuwa mgawanyo na soko, na vyote viwili vilionekana mapema kama mtu angeuliza maswali mawili: nani anaacha kazi mwamba ukifungwa, na nani anaweza kuingia majini saa ya kwanza ukifunguliwa? Majibu yakiwa ni watu tofauti, mpango una ugomvi ndani yake.

Mkopo wa tajiri haukuguswa na mtu yeyote, na tunaona huo ni udhaifu. Mzamiaji mwenye deni hawezi kumwacha pweza mdogo kwa moyo mwema. Anarudi na chochote. Kamati ilijadili mfuko wa kuweka na kukopa wa kina mama uwakopeshe na wazamiaji vifaa, ila haukuwa na mtaji wa kutosha.

Hoja iliyosikika sana ni kwamba jike anayelalia mayai atakufa tu, kwa nini asichukuliwe? Ni kweli atakufa. Lakini akitolewa leo, mayai yote yanakufa naye, na akiachwa wiki tatu mwamba, wa kijijini au wa jirani, unapata vitoto. Wachokoaji wazoefu wanalijua tundu lililozibwa kwa mawe kutoka ndani. Kulipita bila kulichokoa hakugharimu zaidi ya pweza mmoja aliyekonda.

Kwa anayenunua mjini bila hoteli wala karani, yapo mambo ya kufanya. Nunua pweza mzima. Mguse: aliye mpya ngozi inang'aa, vikombe vya mikono bado vina mshiko, na harufu ni ya bahari, mwenye rangi ya waridi iliyochafuka na utelezi mzito amelala. Akiwa amevimba na kutoa maji mengi ukimbana, umeuziwa maji ya kisima. Muulize mchuuzi ametoka wapi na lini, hata kama hajui leo. Akiulizwa na wateja watatu kwa wiki ataanza kuuliza na yeye. Kwa supu ya mtaani ni vigumu zaidi, kwa sababu vipande vimeshachemka. Hapo unachoweza kuangalia ni unene wa mikono: vikono vyembamba kama kidole cha mtoto, sufuria nzima, vinakueleza ni pweza wa ukubwa gani waliovuliwa.

Kilichobaki bila suluhisho ni mwamba baada ya kufunguliwa. Hata mara ya pili, mwishoni mwa bamvua ya pili uzito ulikuwa umeshuka tena. Kamati sasa inajadili kuacha kipande kidogo upande wa mashariki, penye matundu mengi ya majike, kisifunguliwe kabisa. Wanawake wamekubali kwa sharti kwamba kipande kama hicho kitengwe pia upande wa wazamiaji, na kwamba daftari la uzito lihamie kwa karani wa kijiji badala ya wa tajiri. Wazamiaji wameomba wapewe jibu baada ya kusi.